Ukienda Japani, tazama maji kwanza

Hapa Mombasa tunaijua Japani kwa magari. Sisi wa kazi ya kutoa mizigo bandarini ndio zaidi. Miaka yote hii nimesoma Yokohama, Nagoya na Kobe kwenye hati za meli, nikabishana na wenye magari juu ya ushuru na umri wa gari (likizidi miaka minane halitakiwi nchini), wala sikuwahi kujiuliza huko kwenyewe kukoje. Tangu nirudi, swali ni lile lile kila baraza: na mimi nikienda nianzie wapi? Watu wanataka niwatajie Tokyo, mlima Fuji na mahekalu ya Kyoto. Nikiwaambia wafungue kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, wanadhani nawafanyia mzaha.

Mimi nimelelewa Kuze, hapa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo babu alijua bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, limeingia bila kuinuka kitandani. Mtu wa namna hiyo hawezi kwenda nchi ya visiwa akaitalii kwa orodha ya majengo. Japani ina pwani ambayo maji hupanda na kushuka kama yetu, ina pwani nyingine ambayo maji karibu hayasogei, na kuna mlango mwembamba ambamo bahari mbili hugombana kila siku. Safari yangu na mke wangu niliipanga kufuata hayo, mwezi wa Novemba, na ningeipanga hivyo tena.

Tokyo nitapita haraka. Ni mji mzuri, ni safi, na baada ya muda mfupi utachoka. Ijumaa nenda Yoyogi-Uehara ukasali katika msikiti unaoitwa Tokyo Camii: wa kwanza ulijengwa 1938, huu wa sasa ulifunguliwa 2000 kwa mtindo wa Waturuki, na kuba lake ukilitazama kutoka ndani utasahau kwamba nje kuna treni inapita. Ukiwa mtu wa bandari kama mimi, teremka Yokohama uone gati la Daikoku, magari yamepangwa yakingoja meli. Nilisimama pale nikitafuta Probox kwa macho. Mke wangu akaniuliza kama nimekuja kutembea au kufanya kazi.

Fuji nao ni mita 3,776. Kuupanda ni kuanzia Julai hadi mapema Septemba tu, na tangu 2025 kila njia inatozwa yeni 4,000. Sisi tulio na mlima Kenya wa mita 5,199 hatuna haja ya kusukumana foleni gizani kwa ajili yake. Kaa dirisha la mkono wa kulia wa treni itokayo Tokyo kwenda magharibi, na hali ya hewa ikikubali utauona wote bila kutoka jasho. Kuna mji mmoja chini yake, Fujikawaguchiko, ambao mwaka 2024 uliweka pazia jeusi mbele ya duka moja ili watalii waache kujazana barabarani wakipiga picha ya mlima. Watu wakishafika hatua ya kutundikiwa pazia, mimi huenda kwingine. Kyoto ni hivyo hivyo, isipokuwa kwa aliyezoea kuamka alfajiri: Fushimi Inari, lile hekalu la malango mekundu yanayopanda kilimani, halifungwi usiku wala mchana. Ukishasali alfajiri, toka moja kwa moja. Saa mbili baadaye hupati pa kukanyaga.

Jambo moja dogo ambalo sijaona mtu akiliandika. Japani iko saa sita mbele yetu, na saa yetu ya Kiswahili inapishana na ile ya mishale kwa saa sita hizo hizo. Kwa hiyo saa ya stesheni ikionyesha 2 baada ya adhuhuri, kwetu ni saa mbili asubuhi, na mamangu ashamaliza chai yake. Sikuhitaji kupiga hesabu kujua ni wakati gani wa kupiga simu nyumbani. Nilitazama tu ukutani.

Sasa maji. Kutoka Tokyo hadi Hiroshima ni kama saa nne kwa treni ya kasi, zile ambazo ya kwanza ilianza kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Hiroshima unabadilisha treni hadi Miyajimaguchi, halafu feri ya dakika kumi hadi kisiwa cha Miyajima. Mtu wa Likoni, aliyezoea feri yetu ya Mombasa, ataicheka feri ile: hakuna mkokoteni, hakuna anayekimbia, na injini huisikii. Tangu 2023 wanatoza kila mgeni yeni 100 za kuingia kisiwani, na yeni haipishani sana na shilingi yetu, kwa hiyo ni pesa ya maandazi.

Mbele ya kisiwa, ndani ya bahari, kuna lango kubwa la mbao la hekalu la Itsukushima. Hili la sasa lilisimamishwa 1875. Urefu wake unapita mita 16, uzito ni kama tani 60, na nguzo zake mbili kuu ni mashina mazima ya mkafuri. Kilichonishika ni kwamba halikuchimbiwa chini. Limesimama kwa uzito wake mwenyewe, na huko juu kwenye boriti kuna nafasi iliyojazwa mawe ili liwe zito zaidi. Vimbunga vimepita, matetemeko yamepita, nalo lipo. Hekalu lenyewe nalo liko juu ya maji, kwa mpango wa jemadari Taira no Kiyomori aliyelijenga upya 1168, kwa sababu kisiwa chote kilihesabiwa kitakatifu na haikufaa kujenga juu yake ovyo. Zamani mtu hakuruhusiwa hata kuzaliwa wala kufa kisiwani. Tazama mbao za sakafu za ukumbi ulio upande wa baharini: zimeachiwa nafasi kati ya ubao na ubao, makusudi, ili maji ya bamvua na dhoruba yapite juu badala ya kung'oa sakafu nzima. Fundi aliyefikiria hivyo alikuwa mtu wa pwani, hapana shaka.

Hapo ndipo jedwali la maji linapokuwa na kazi. Bahari ya ndani ya Seto ina bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita nne, karibu sawa na Kilindini, bandari yetu. Maji yakijaa, lango na hekalu vinaelea. Yakipwa, unatembea kwa miguu kwenye tope hadi chini ya lango, unaona kome na chaza walioganda kwenye nguzo. Watalii wengi hufika saa wanayoletwa na basi, wanaona nusu, wanaondoka. Wewe chagua siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ufike asubuhi, na kwa kuwa kujaa na kupwa hupishana kwa takriban saa sita, utaona yote mawili siku moja. Idara ya hali ya hewa ya Japani hutoa jedwali lake, kama Mamlaka ya Bandari inavyotoa hapa kwetu. Mke wangu alikuwa haamini. Alikaa kwenye ngazi za mawe na chai yake, akasema, "Haya bwana, maji yako hayo, nami nitangoja." Yalipoanza kuondoka chini ya ukumbi alinyamaza, akatoa simu, hakuongea nami hadi magharibi. Kumbuka pia kwamba paa wa pale hawaogopi watu na hula chochote. Mmoja alitafuna ncha ya mtandio wake.

Hiroshima yenyewe imejengwa penye mikono ya mto Ota, na mito hiyo hupanda na kushuka pamoja na bahari. Nenda kwenye makumbusho ya amani. Bomu liliangushwa asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo, saa zao zikionyesha 8:15. Kuna baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa miaka mitatu, imeungua. Zaidi ya hapo sina la kuandika. Usiende na ratiba ya kitu kingine mchana huo.

Baadaye tukashuka Onomichi, mji mdogo uliopanda kilimani juu ya mkono mwembamba wa bahari, wenye vichochoro vya ngazi na paka kila kona. Ukizoea Mji wa Kale hutapotea, ila magoti yatalalamika. Wenye nguvu hukodisha baiskeli hapa na kufuata Shimanami Kaido, njia ya karibu kilomita 70 inayovuka visiwa kwa madaraja hadi Imabari. Sisi tuliishia kwenye feri ndogo ya kwenda kisiwa cha upande wa pili, Mukaishima. Dakika chache tu, wanafunzi na baiskeli zao, mzee na mfuko wa vitunguu. Nilivuka na kurudi bila sababu yoyote.

Lakini feri za bahari hii zina historia yake. Mwaka 1955 feri iliyoitwa Shiun Maru iligongana na nyingine katika ukungu, mashariki kidogo ya hapo, wakafa watu 168, wengi wao watoto wa shule waliokuwa safarini. Baada ya ajali ile wenyeji walidai daraja mpaka likapatikana. Seto Ohashi lilifunguliwa 1988, kilomita 13 hivi kutoka kisiwa hadi kisiwa, magari juu na treni chini. Nililivuka nikiwa kimya kwa sababu ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua: feri iliyozama Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272. Wao walingoja miaka 33. Barabara ya Dongo Kundu, ya kwenda kusini bila feri, tumeipata, na mkopo wa Japani umo ndani yake, lakini pale Likoni bado tunasukumana.

Kobe ndio mji mkubwa nilioupenda kuliko yote. Bandari mbele, milima nyuma, na juu kidogo katika mtaa wa Kitano kuna msikiti wa kwanza wa Japani, uliofunguliwa 1935. Mabomu ya 1945 yaliteketeza mtaa, msikiti ukabaki. Tetemeko la Januari 1995 liliangusha sehemu kubwa ya mji, msikiti ukabaki. Unaposali kumbuka kwamba kibla si kaskazini kama hapa kwetu, ni upande wa magharibi. Karibu na msikiti kuna maduka na mikahawa ya halali, na nakushauri ule vizuri hapo, maana kwingine chakula kitakupa taabu: hata samaki wa kuchoma hupakwa mchuzi uliotiwa mirin, ambayo ni pombe ya kupikia. Uliza kila mara. Tuliponea wali, samaki mbichi na mayai. Pweza nao wapo, na wanawapenda kama sisi tunavyopenda supu ya pweza ya jioni. Wa Akashi, jirani na Kobe, ndio wenye sifa, ingawa pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka Mauritania na Moroko. Na vyoo vyao vina maji. Aliyesafiri Ulaya ataelewa kwa nini nimelitaja.

Kutoka Kobe panda basi la kwenda Naruto. Linavuka daraja la Akashi Kaikyo, ambalo nafasi kati ya minara yake miwili ni mita 1,991, kisha linakata kisiwa cha Awaji hadi ncha ya kusini. Hapo ndipo bahari mbili hugombana. Maji ya Pasifiki yakianza kujaa, hayawezi kupita yote kwenye mlango wa Naruto, ambao upana wake ni kilomita 1.3 tu, mengine huzunguka Awaji kwa upande wa pili na kuchukua kama saa tano au sita kufika nyuma yake. Yanapofika, huku mbele maji yashapwa. Basi bahari ya upande mmoja inakuwa juu kuliko ya upande wa pili kwa zaidi ya mita moja, na maji yanateremka mlangoni kama mto wa masika. Siku za bamvua mkondo hufika kilomita 20 kwa saa, na pembeni mwake maji hujizungusha na kufanya mashimo ambayo makubwa yake yanafika mita 20 kwa upana.

Chini ya daraja la Onaruto, lililofunguliwa 1985, wametengeneza njia ya miguu yenye vioo sakafuni, mita 45 juu ya bahari. Pia kuna mashua zinazokupeleka karibu. Tulifanya yote mawili, na mimi nasema mashua. Kutoka juu unaona umbo lake, kutoka chini unasikia sauti, na ukiwa umewahi kupita kwa dau kwenye mkondo mkali tumbo lako litakumbuka. Saa za maji kwenda kasi zimeandikwa ukutani kwenye vituo vya mashua. Ukifika nje ya saa hizo utaona bahari tu, tulivu, na utalaumu watu bure.

Sasa niwapeleke upande wa pili wa nchi. Kutoka Kyoto unachukua treni ya saa mbili hivi hadi Amanohashidate, ulimi wa mchanga wa kilomita 3.6 wenye maelfu ya misonobari, ambao Wajapani huupanga pamoja na Miyajima na Matsushima kama mandhari tatu bora za nchi. Desturi ni kupanda kilimani, kuinama na kuutazama kichwa chini kupitia miguuni. Mke wangu alikataa. Mimi niliinama, na nasema unatosha kutazamwa ukiwa umesimama. Twende mbele, saa moja kwa basi, hadi Ine.

Ine ni kijiji cha wavuvi kinachozunguka ghuba, na nyumba zake kama 230 zimejengwa ukingoni kabisa mwa maji. Ghorofa ya chini ni ya mashua: unaingiza chombo ndani ya nyumba kama unavyoingiza gari gereji. Juu zilikuwa nyavu na zana, siku hizi baadhi zimekuwa vyumba vya wageni. Nilipoiona picha zamani nilidhani ni uongo. Jenga nyumba hivyo Mombasa, bamvua la kwanza tu utalala na samaki chumbani, na maji yakipwa mashua yako itabaki imeegemea tope. Lakini Bahari ya Japani imefungwa pande zote, milango yake ya kuingilia ni myembamba na haina kina, kwa hiyo maji ya bahari kuu hayana pa kuingilia kwa nguvu. Ine tofauti ya kujaa na kupwa haizidi nusu mita hivi. Halafu ghuba yenyewe inatazama kusini, kwenye pwani ambayo pepo za baridi hutoka kaskazini-magharibi, na mlangoni kimekaa kisiwa cha Aoshima kinachovunja mawimbi.

Tulilala katika moja ya nyumba hizo. Mwenyeji wetu, bibi mwenye umri wa mamangu, alituandikia kwenye simu inayotafsiri. Nilimuuliza maji yanapanda hadi wapi, akanishusha chini penye mashua na kunionyesha alama ya kijani kwenye jiwe, kisha nyingine chini yake. Kati yake kiganja cha mkono kinajaa. Nikamwandikia kwamba kwetu siku za bamvua maji hupanda kupita kimo cha mtu na nusu, mara mbili kwa siku. Alisoma, akanitazama, akasoma tena, akamwita mumewe aje asome. Mzee akauliza swali moja: sasa mashua mnaziweka wapi? Tukaeleza nanga, tukaeleza kungoja maji, tukaeleza kuvuta chombo mchangani, na simu ilitafsiri vyema isipokuwa neno bamvua, ambalo ilikataa kata kata. Sijawahi kuongea na mgeni kwa muda mrefu hivyo juu ya jambo ambalo kwetu ni la kawaida kama jua.

Shirakawa-go ni ya milimani, nami nimeiweka hapa kwa sababu ya mapaa. Ni kijiji cha nyumba za nyasi zenye mapaa yaliyosimama wima ili theluji isilale juu, kimo katika orodha ya UNESCO tangu 1995. Ndani ya dari walifuga viwavi wa hariri. Boriti zimefungwa kwa kamba, na paa huezekwa upya baada ya miaka 30 au zaidi, ambapo kijiji kizima hutoka, watu zaidi ya mia juu ya nyumba moja. Anayeezeka makuti hapa kwetu kila baada ya miaka michache atasimama amekunja mikono akifikiria. Na anayejua moto wa makuti unavyokula hoteli ya ufukweni kabla chai haijapoa atapenda hili: kila msimu wa majani kukauka hufungua mabomba ya zimamoto yote kwa pamoja, kijiji kizima kikafunikwa na maji, kuhakikisha yanafanya kazi.

Viza huombwa ubalozini Nairobi, na hapa Mombasa unaweza kuondoka moja kwa moja kwa ndege inayounganisha Addis Ababa. Ile pasi maarufu ya treni ya siku saba ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, kwa hiyo piga hesabu ya tiketi moja moja kwanza. Mizigo usiivute: kuna kampuni zinazochukua begi lako hotelini na kulifikisha mji unaokwenda, aghalabu kesho yake, kwa karatasi moja tu. Kama mtoa mizigo niliitazama ile karatasi kwa wivu mkubwa. Epuka wiki ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, nchi nzima huwa likizo, na Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga. Vyumba vya kulala ndani ya kisiwa cha Miyajima ni vichache, na siku za mwezi mpevu huisha mapema. Weka hicho kwanza, ndipo utafute ndege.